Hesabu za Sehemu, Darasa la Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa kabati, fimbo, na watoto arobaini na wawili. Chaki niliambiwa nikaombe darasa la jirani. Hiyo ni miaka ya hamsini, shule ya wasichana Kariakoo, mitaa miwili kutoka sokoni. Elimu yangu ilikuwa darasa la sita, basi. Ualimu sikuusomea. Nilichukuliwa kwa kuwa najua kushona, na walimu wa kike walikuwa hawapatikani.

Mwalimu Mkuu, bwana mrefu wa kaptura na soksi za magotini, alinisimamisha mbele ya ratiba iliyobandikwa ukutani.

"Umeiona?"

"Nimeiona, bwana."

"Masomo tisa. Tunaingia saa moja. Saa sita zamu ya mchana wako mlangoni, wanataka madawati yao. Hapo katikati yapite yote tisa."

"Yasipopita?"

"Ratiba haina mdomo, binti. Mimi ninao."

Nyie walimu wa leo mnaolalamika, sikilizeni kwanza. Kipindi kimoja kilikuwa nusu saa, kwenye karatasi. Toa kuita majina. Toa kukagua kucha na chawa, maana usafi nao ulikuwa somo. Toa foleni ya bomba. Kinachobaki ni dakika kumi na tano, na nje wachukuzi wanapigiana kelele na mikokoteni yao mpaka hujisikii. Kwa hiyo tulijifunza kumega. Kumega ni kuchukua kipande cha somo hili ukakitia katika lile. Majedwali ya kuzidisha tuliyaimba foleni ya bomba. Jiografia niliwafundisha wanashona: huyu anapitisha uzi, mimi namuuliza mto gani unaingia ziwa gani. Hakuna aliyenifundisha hivyo, wala hakuna aliyenishukuru.

Jumamosi kila mwalimu alipeleka kitabu cha kazi, daftari la kuandika tulichofundisha wiki nzima. Mwalimu Mkuu alitia sahihi bila kusoma. Akiona mistari imejaa, ameridhika.

Mwaka wa tatu mwalimu wa darasa la nne, ambaye yeye alisomea, alimfuata mumewe Tabora. Darasa nikapewa mimi. Sasa darasa la nne ndilo lilikuwa na mtihani wa kwenda shule ya kati. Unapita, unaendelea. Hupiti, unarudi nyumbani, na kwa msichana wa Kariakoo nyumbani maana yake ilikuwa inajulikana.

Katika darasa lile alikuwamo Zena. Baba yake aliuza mchele sokoni, na mtoto akitoka shule alikuwa anakaa na baba yake kupima. Siku moja mzee akaja shuleni, kofia mkononi.

"Mwalimu, huyu ana mchumba anamsubiri. Mimi nimesema hivi: akipita mtihani, akasome. Asipopita, simweki tena, anaolewa."

"Atapita," nikamwambia.

"Umesema wewe, mwalimu."

Nilisema mimi.

Zikabaki kama wiki sita. Zimebaki sura mbili za hesabu, na ya mwisho ni sehemu, zile hesabu za nusu na robo. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. Bibi Mkaguzi, mama wa Kizungu aliyezungukia shule za mji, anakuja. Vitambaa vya meza viwe tayari, kila mtoto chake, na pindo na maua.

"Bwana, wana mtihani."

"Mkaguzi haoni hesabu iliyo kichwani mwa mtoto. Anaona kitambaa."

"Niache somo gani basi?"

"Unaniuliza mimi? Darasa lako. Mega unapoona panafaa, si ndiyo kazi yenu?"

Tukashona. Asubuhi yote tunashona, vidole vya watoto vimetoboka. Somo la kuandika nikalitia katika kusoma. Michezo sikuigusa, maana Mwalimu Mkuu mwenyewe alisimama uwanjani. Kuimba nako sikukugusa, maana kwaya ingemwimbia Bibi Mkaguzi. Nikamega hesabu. Zena akawa ananyoosha mkono kila siku.

"Mwalimu, sehemu lini?"

"Kesho."

Siku ya tatu au ya nne wenzake wakaanza kumcheka. "Bi Kesho huyo! Bi Kesho, lini harusi?"

"Kesho," akawajibu, na darasa zima likacheka, na mimi nikacheka.

Kwenye kitabu cha kazi niliandika: Hesabu, sehemu, marudio. Marudio ya kitu ambacho hawajawahi kukiona. Sahihi ikatiwa.

Bibi Mkaguzi akaja, akageuza vitambaa nyuma na mbele. "Mishono mizuri sana. Na hesabu?"

"Tunaendelea vizuri, Bibi," Mwalimu Mkuu akamjibu. Akanitazama. Na mimi nikasema, "Vizuri, Bibi."

Baada ya mtihani Zena alinifuata kabatini. Hakulia. "Mwalimu, palikuwa na namba zimepandana, moja juu, moja chini. Nikajua ndizo zile za kesho. Nikaziruka zote."

Majina yalipotoka, lake halikuwamo. Baba yake hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Aliniletea mwaliko wa harusi, nikaenda, nikawekewa sinia la pilau mbele kwa heshima ya ualimu, nikala.

Mwalimu Mkuu alinihamishia Ilala mwaka uliofuata, na barua nzuri ya sifa za ushonaji. Huko nilifundisha chini ya wakuu watatu, na wote walikuwa na ratiba ileile. Nimestaafu na saa ya mezani na soda. Miaka yote nikiulizwa nasema yaleyale: muda haukutosha. Ratiba ilitunyonga. Mkaguzi, zamu mbili, vitambaa. Yote kweli, na sijamsamehe mtu hata mmoja.

Lakini muda ulikuwapo. Ningeweza kumega usafi. Ningeweza kumega kusoma, walikuwa wanasoma kama maji. Nilimega sehemu kwa sababu sehemu sikuzijua. Mimi mwenyewe darasa la sita nilizikariri bila kuelewa, na niliogopa kusimama ubaoni Zena akaniuliza kwa nini. Vitambaa viliponijia niliona nimeokoka. Hilo sikumwambia mtu.

Zena yuko sokoni mpaka leo, kwenye mchele wa baba yake. Mume alishamwacha zamani. Mimi hununua kwake, na miaka yote alikuwa ananipimia kibaba cha tele, mchele umepanda kama kilima, unamwagika pembeni. "Cha mwalimu wangu," anawaambia wateja.

Juzi nikamuuliza, sijui kwa nini siku hiyo, "Zena, pishi ina vibaba vingapi?"

"Vinne. Leo umekuja kunitahini?"

"Kisaga?"

"Vibaba viwili. Nusu pishi."

"Kibaba kimoja basi?"

"Robo."

"Kisaga na kibaba, ukivitia pamoja?"

"Robo tatu ya pishi, mwalimu. Mtoto yeyote wa soko hili anajua hayo. Mimi nayajua kabla sijaota meno ya pili."

"Ndizo zile namba zilizopandana," nikamwambia. "Nusu na robo, ukijumlisha. Ndiyo iliyokuwa kwenye mtihani."

Mteja akauliza bei, akamwinulia mkono asubiri.

"Hizi hizi?"

"Hizi hizi. Ungeleta kibaba darasani siku moja, tungemaliza."

"Mbona hukusema nilete?"

"Sikujua. Sehemu nilikuwa naziogopa. Vitambaa vilikuwa kisingizio."

Alinitazama kama wanavyotazamwa wateja wanaoshika mchele na hawanunui. Kisha akachota kibaba changu. Kikapanda kilima kama kawaida. Akaweka kiganja ukingoni, akakifuta taratibu, mchele uliozidi ukarudi guniani, kibaba kikabaki sawasawa na mdomo wake.

"Kikapu, mwalimu."

Nikafungua kikapu. Tangu siku hiyo naenda kwake, na ananipimia cha mfuto, na sijamwomba aongeze.