Mtandio wa Wifi

Nisikilizeni mimi niliyekuwepo, maana wifi yake dada kila anakopita anasema dada yangu aliharibu shughuli ya posa.

Dada ni fundi cherehani, na mdomo anao. Mteja akichelewa kufuata nguo, alikuwa anaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, mtaa mzima unasikia. Kisha akapata ajali. Hospitali wakamwingizia mpira kooni harakaharaka ili apumue. Uliokoa maisha, hilo silikatai. Lakini mpira ule una kifuko kinachojazwa hewa usichomoke, wakakijaza kupita kiasi, na siku zote alizolala pale hakuna aliyejisumbua kukipima. Koo likachubuka, likafanya kovu, njia ya hewa ikawa nyembamba kama mrija wa soda. Tukaambiwa pumu. Pumu! Mtu anapumua kwa mluzi, wao wanampa dawa ya kuvuta. Mpaka alipozimia juu ya cherehani ndipo wakamtoboa shingo na kumwekea kibomba cha kupumulia, chenye kingine chembamba ndani cha kutoa na kusafisha. Sasa akitaka kusema anaziba tundu kwa kidole, sauti inatoka ya kukwaruza.

Juzi wakaja wageni kumposa binti yake. Wifi akamfunga mtandio mzito shingoni.

"Tusitiane aibu," akamwambia. "Na usiseme kitu, wageni wataogopa."

Shemeji, mume mzima, yuko pale anaangalia zulia. Nilitamani kumzaba kibao.

Wageni hawajamaliza chai, namwona dada anatoa macho. Makohozi yameziba kibomba, mtandio nao umebana juu yake. Kuita hawezi. Anavuta fundo la mtandio alifungue, wifi anamshika mkono na kumnong'oneza, "Tulia!" Loo! Nilimsukuma huko, nikachukua mkasi kwenye cherehani yake pale pembeni, nikaukata mtandio, nikachomoa kibomba cha ndani. Makohozi yakaruka hadi kwenye sinia. Dada akavuta pumzi, sebule nzima ikasikia.

Mnadhani wifi aliona haya? Thubutu! Aliokota kipande cha mtandio, akataka kumfunika upya.

Dada akaweka kidole shingoni.

"Jifunge wewe, machoni," akasema. Kisha akawageukia wageni. "Mama wa binti ni mimi. Haya, semeni mlichojia."