Video Niliyoipandisha Ofisini

Nasema hili nikiwa bado sijaweza kurudi kazini. Chama chetu cha wakulima hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kilinituma nilinganishe mifumo miwili ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Rede, yaani mtandao, ya kwetu haishi kukatika, nikatafuta faili zito la kujaribia. Zito kuliko yote simuni lilikuwa video ya unyago wa binti ya dada yangu. Niliirekodi kwa kuibia, simu chini ya kanga, nisije nikasahau nyimbo.

Mfumo wa kwanza ulikwama. Wa pili uliipandisha yote. Nikaupenda, video nikaisahau humo humo.

Jana nikauonyesha ukutani kwa projekta, mbele ya wanaume wa chama na Bi Zaina, presidente wetu, mwenyekiti wa chama.

"Huu unafungua faili lolote papo hapo," nikajigamba, nikabonyeza la juu.

Ngoma ikalia. Zikafuata nyimbo ambazo mwanamume hatakiwi kuzisikia. Wanaume wakainamisha vichwa, mmoja akatoka. Nikabonyeza kufunga, na mfumo wangu bora ukaganda, sauti ikiendelea.

Bi Zaina hakufoka.

"Zima, mwanangu," alisema taratibu. "Anayeimba hapo ni mimi."