Dawa Haimegwi Kama Chumvi

Hivi mwanangu, wewe ungekata kidonge cha mwanao umpe wa jirani? Usijibu upesi. Kaa hapo, nyoosha miguu.

Nakumbuka enzi zile za vijiji vya ujamaa, nina mtoto mmoja tu, Hoza. Tulishuka Magoma kuvuna mpunga, mimi na jirani yangu Mwanaidi. Tukarudi huku milimani watoto wetu wote wawili wanaungua homa. Mbu wa bondeni hana ujirani. Zahanati dawa ilikuwa bure, lakini bure isiyokuwepo yakusaidia nini? Mimi nilitangulia, nikapewa vidonge vya mwisho. Mwanaidi akaambiwa dawa zimekwisha.

Sasa sisi Washambaa, jirani akikosa chumvi unammegea, akikosa moto anachukua kijinga jikoni kwako. Na mikutanoni tunaambiwa kila siku, cha mmoja ni cha wote. Basi nikashika kisu, nigawe vidonge nusu kwa nusu. Mara mama mkwe huyo mlangoni. Nilikuwa namwogopa, acha tu.

"We mkwe," akasema, "huyo Hoza unataka apone upande gani, wa kulia au wa kushoto?"

"Mama, na mtoto wa Mwanaidi je?"

"Nimesema tumwache? Wako mpe dawa yake yote. Huyo mwingine nifunge naye mgongoni."

Akamkamata jogoo wake, kipenzi chake yule, wakapanda na Mwanaidi mpaka Gare kwa masista. Kule dawa ilikuwepo, ila si ya bure. Jogoo kawika njia nzima, mama mkwe anamwambia, "Wika, baba, leo unahama." Wakamwacha jogoo kule kulipia dawa, mtoto akapata dozi nzima, akapona kama Hoza wangu. Leo huyo wa Mwanaidi ana wajukuu, anauza kabichi sokoni Lushoto, na bei hapunguzi hata kwangu.

Watu husema nusu shari kuliko shari kamili. Lakini mwanangu, nusu dawa ndiyo shari yenyewe. Dozi ya mtoto imalize, hata akianza kucheza. Jirani usimmegee kidonge, mmegee miguu yako, mkaitafute wote. Mungu awakuzie watoto wenu, wao ndio wawazike nyie, nyie msiwazike wao.

Juzi nilimsimulia mjukuu wangu Zaina, anasomea mambo ya dawa. Alicheka weee.

"Bibi," akasema, "nakuahidi, mama yeyote akija dawa zimekwisha, sitamwambia nenda. Nitamwambia kaa, nikuulizie zilipo."