Ushuhuda Niliomsomea Rafiki Yangu

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nilipomsikia rafiki yangu akimsimulia mgeni kifo cha mama yangu.

Mgeni alikuwa kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu kimoja cha kanisa. Alikuja Kyela kutafuta msichana mmoja kati yetu tuliomaliza kidato cha sita, akasomeshwe bure na kuchezea timu yao. Mmoja tu. Baba yangu ni mvuvi, na mimi sikuwa na njia nyingine ya kufika chuo. Ndiyo maana alikubali nikae Ipyana, hapo hapo Kyela, kwa kina rafiki yangu tangu mitihani ilipoisha, nifanye mazoezi.

Tulicheza asubuhi. Kwanza tulizoa mpunga wa watu ulioanikwa uwanjani, tukafagia, na bado makapi yalitutelezesha. Nilifunga kuliko wote. Kocha aliuliza mara mbili, "Namba saba ni nani?" Sikuweza hata kunyoosha mkono. Wenzangu wakanisukuma mbele.

"Huyu hapa, kocha. Huwa anaongea na mpira tu."

Baada ya chakula akatuketisha darasani. Alisema chuo chao ni cha kanisa, kwa hiyo kila mmoja asimame atoe ushuhuda, aseme Mungu amemtoa wapi. Mwalimu wetu alishatuambia tujiandae. Mimi nilijiandaa wiki nzima, nikaandika daftarini, na Ijumaa tukifua jezi mtoni nikamsomea rafiki yangu ili nizoee kusikika. Kisa hicho sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Mama alikuwa mfinyanzi. Tulikuwa tunapeleka vyungu mnadani kwa mtumbwi, upepo ukatupindua, nikashikilia vipande vya mgomba tulivyotandika chini ya vyungu visivunjike. Nilimsikia mama akisema nisiachie. Halafu sikumsikia tena.

Rafiki yangu alilia. Akasema, "Hebu rudia." Nikarudia, nikidhani ananisaidia.

Yeye ni namba nne, kwa hiyo alinitangulia. Alisimama vizuri, sauti haikutetemeka. Mtumbwi, vyungu, mgomba, vyote alivitaja. Alibadilisha kitu kimoja: alisema shangazi, maana mama yake yu hai na kila mtu anamjua. Mama yangu akawa shangazi. Kocha alivua miwani akafuta macho.

Zamu yangu ikafika. Daftari nilikuwa nalo mkononi. Ningesema nini, kwamba na mimi nilizama? Nilitaja jina na kijiji chetu, nikasema napenda mpira wa kikapu. Mtu nyuma akasema, "Ushuhuda ndio umeisha hivyo?" Wakacheka. Nikakaa.

Akachaguliwa yeye.

Nilimkuta bombani ananawa uso.

"Kwa nini umefanya hivyo?"

"Wewe usingesema," akajibu bila kunitazama. "Nakujua mimi. Ungesimama, ungekaa, kama ulivyofanya."

"Nisingekaa."

"Ungekaa. Sasa si afadhali mmoja wetu anakwenda?"

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sina uhakika kama alikosea.

Jioni mama yake alichinja kuku. Mama huyu amenilisha kila likizo fupi kwa miaka miwili, amenisuka nywele, amenipeleka zahanati nikiwa na malaria. Alinipakulia paja. "Kula, mwanangu. Na wewe Mungu atakuona." Rafiki yangu aliinamia sahani yake. Nilikula paja lote, sijui hata lilikuwa na ladha gani.

Leo asubuhi mama yake alinipa mfuko wa mchele mpya nimpelekee kocha kabla hajaondoka, kwa kuwa rafiki yangu alikuwa anajiandaa kwenda kanisani kuombewa. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta kocha mbele ya gesti anapakia mipira kwenye gari.

"Namba saba," akasema. "Una mkono mzuri sana, binti. Ni kuongea tu. Au kuna jambo unataka kuniambia?"

Alisubiri kweli. Aliweka hata mpira chini. Niliona atakavyorudi Ipyana na mimi, atakavyosimama uani, na sura ya yule mama akisikia.

Nikamkabidhi mchele. Nikasema, "Nyumbani wamesema ndaga."

"Ndaga ndiyo nini?"

"Ni asante."

Akacheka, akasema na yeye anashukuru. Nikarudi Ipyana kwa miguu, nikamwambia mama amepokea.