Kidude Kwenye Kopo la Vifungo

Fundi alipozungusha ufunguo wa gari kuukuu la jeshi lililoachwa na marehemu rafiki yake, halikutoa hata kikohozi. Alifungua boneti, akaona mara moja: kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi hakikuwepo. Rafiki yake, mwanajeshi mstaafu, alikuwa akikichomoa kila alipoegesha ili wezi waambulie patupu. Fundi alilijua hilo. Mjane wa marehemu hakulijua.

"Injini imekufa, shemeji," fundi alimwambia, macho yakiwa kwenye tairi. "Huu ni mkweche. Nitauchukua kwa bei ya chuma chakavu."

"Mungu akubariki, shemeji. Umeniondolea mzigo uani."

Fundi akalipa, akalivuta gari hadi gereji yake. Gari alilolitamani tangu ujana lilikaa humo wiki nzima; kila alipokumbuka baraka ile, hakuthubutu kununua kidude kingine.

Jumamosi mjane alifika kwa miguu, jasho likimtiririka, kopo la vifungo mkononi. "Nilikuwa natafuta kifungo, nikakuta hiki kinanuka petroli. Nikasema nisije nikakudhulumu, huenda ni cha gari lako."

Nisije nikakudhulumu! Fundi alikipachika, akazungusha ufunguo. Gari likanguruma papo hapo.

Mjane akapiga makofi. "Kumbe mkweche una roho saba kama paka!"

Fundi akazima injini, akauweka ufunguo ndani ya kopo, juu ya vifungo. "Gari ni zima, shemeji. Mkweche ni mimi. Nilijua tangu siku ile."

Makofi yakakoma.