Maua Yangu Yasiyo na Sumu

Jamani, mnicheke taratibu, maana bado naona aibu. Miaka ile maduka ya Masasi yalikuwa yameanza kujaa maua ya plastiki kutoka nje. Rafiki yangu Estina alipokuwa anaolewa kijijini kwetu Newala, nikamkataza kuyanunua.

"Plastiki haiozi, dada. Mimi nitakuchumia maua ya Mungu, hayana sumu hata chembe."

Asubuhi ya harusi, pua imezibwa na mafua, nikaingia shamba la mikorosho la baba yake. Chini ya miti nikakuta maua ya porini mazuri ajabu, yamejaa unga wa manjano. Nikajua ni unga wa maua yenyewe. Nikafunga shada kubwa huku naimba.

Kanisani Estina akaanza kulia. Mama zetu wakalia naye, nami nikajisifu moyoni kwamba maua yangu yamewagusa. Lakini padri alipomuuliza kama anamkubali Benedikti, machozi na kikohozi vikamzuia kujibu. Bwana harusi akanong'ona kinyonge, "Kama hunitaki, Estina, sema tu."

Baba yake Estina akasogea, akanusa shada. "Ala! Hii si salfa yangu? Mikorosho nimeipuliza dawa jana!"

Mtoto wa mkulima wa korosho mimi, salfa nikaiita unga wa maua!

Estina akalitupa shada, akapata pumzi. "Padri, Benedikti namtaka! Nisiyemtaka ni yule pale!"

Kanisa zima likageuka kunitazama.