Jibu ambalo Salim hakuliandika

Msishtuke kuona barua pepe kutoka anwani ya marehemu Salim. Ni mimi, dada yake, Mwanaisha wa Bombolulu.

Leo Kassim, mwenzenu aliyekuwa akifanya naye kazi ya darasa, alikuja kuchukua daftari lao. Kesho anasoma kazi yao darasani: prosesa mbili za kompyuta, Sparc na Mips, na ipi ni bora.

Akafungua ukurasa wa mwisho, akanionyesha.

"Dada, ameandika 'Mimi nachagua', kisha basi."

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini jibu ninalo!

Salim alinieleza nikikanda mahamri. Sparc, alisema, ni mpishi mwenye meza nyingi. Kazi mpya ikiingia anahamia meza nyingine, na akirudi anakikuta kisu pale pale. Ila meza zinakula nafasi, na zikijaa zote lazima vitu vya moja vitolewe nje. Mips ana meza moja. Huondoa vitu mwenyewe kila anapotaka nafasi, lakini jiko lake ni dogo na jepesi.

"Mimi nataka nyingi," nikamwambia.

"Kwenye chumba hiki, dada? Utalala juu ya karai? Wallahi, mimi nachukua moja."

Kassim akaliandika jibu hilo, machozi yakidondoka daftarini.

Alipoondoka nikaitazama meza yetu. Gilasi ya Salim na kalamu yake zipo pale alipoziacha. Tangu mazishi nakanda unga kwenye nusu iliyobaki.

Nyinyi mliosoma naye, niambieni: nikitaka nafasi, naziondoaje?